Mdogo wangu anataka kuwa mpiga vayolini wa matamasha na mimi ndio nalipa, naombeni ushauri

MivumbaBoy_Bombo
Wakuu habari za jioni. Mimi nauza mivumba (nguo za mitumba) pale soko la Owino, Kampala, muziki sijui lolote zaidi ya kadongo kamu ya kwenye redio ya jirani. Nina mdogo wangu wa kike ana miaka 17 kamaliza S4 (kidato cha nne) juzi, vayolini alianzia kanisani akiwa na miaka 9, kuna mama mmoja alikuwa anawafundisha watoto bure kila Jumamosi. Tukajua ni mchezo wa watoto utaisha. Haukuisha. Saa hii ana gredi 7 ya ABRSM (mitihani ya muziki ya Waingereza) na anapiga masaa manne kwa siku kwenye chumba hichohicho ninacholala mimi, akikamata kipande cha mistari miwili anarudia na kurudia mpaka jirani anagonga ukuta.

Mwezi uliopita mama akamuona na alama nyeusi shingoni, upande wa kushoto chini ya taya. Weee! Kelele nyumba nzima, ati mtoto kashaanza wanaume. Ikabidi achukue vayolini aiweke begani mbele ya mama, ndio mama akaona mbao inakaa palepale kwenye alama. Akanyamaza, ila msamaha hakuomba.

Sasa shida yenyewe. Mwalimu wake anasema vayolini aliyonayo (ya kichina, tulinunua laki nne na nusu za Uganda pamoja na upinde na boksi) imefika mwisho wake, na kuna mzungu anarudi kwao anauza yake milioni 6. Hio pesa ninayo lakini ilikuwa ya mabelo ya nguo na kulipia stoo. Halafu mtoto naye anasema S5 hataki, anataka apige tu mpaka awe kama wale wanaosimama mbele ya okestra peke yao. Mzee wetu mwanajeshi mstaafu kasema neno moja tu, "huo ni ulevi", akarudi kwenye taarifa ya habari. Wakuu hii ni kazi kweli ama natupa pesa mtoni?

Ssalongo_Wandegeya
Ssebo milioni 6 kwa mbao na nyuzi nne? Endingidi ina uzi mmoja na watu wanacheza kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) mpaka jioni. Nunua belo 😂

Nyuzi_Nne
Mimi napiga vayolini hapa Kampala mwaka wa kumi na moja huu, ngoja nikwambie bila kukupaka mafuta. Wale wa kusimama peke yao mbele ya okestra ni wachache dunia nzima na wengi walianza na miaka minne, mitano. Mpiga vayolini Yehudi Menuhin mwaka 1929 hajatimiza hata miaka 13 alipiga Berlin koncheto tatu (miziki mirefu ya mpigaji mmoja na okestra) usiku mmoja, Bach, Beethoven na Brahms. Watoto wa aina hio wakikua ndio wanakutana kwenye mashindano kama Queen Elisabeth kule Brussels ama Tchaikovsky kule Moscow, na hata ukishinda bado unahitaji ajenti wa kukutafutia matamasha. Mdogo wako na gredi 7 ni mzuri, kwa hapa kwetu mzuri sana, lakini kwa ndoto ya solo peke yake usitoe pesa ya stoo.

Ila asikudanganye mtu kwamba sio kazi. Mimi nakula kwa vayolini, watoto wanasoma kwa vayolini, tatizo ni kwamba sili kwa matamasha. Nakula kwa harusi, kwanjula, kurekodi studio, na wanafunzi, hao wanafunzi ndio wanalipa nyumba kwa sababu Kwaresima ikifika harusi zinakauka kabisa. Okestra za hapa ukigeuka kumuangalia unayechangia naye karatasi ya noti unakuta ni daktari, nyuma yake mhasibu, wanakuja mazoezi jioni wakitoka kazini na wengi wetu hatulipwi.

Mtoto_wa_Jinja
Kuna yule Joshua Bell, mpiga vayolini maarufu wa Marekani, Januari 2007 alisimama kwenye stesheni ya treni Washington amevaa kofia, akapiga dakika 43 kwa Stradivari, zile vayolini za zamani za bei mbaya, ya mwaka 1713. Watu zaidi ya elfu moja wakapita, waliosimama kusikiliza kweli ni saba, na kwenye boksi aliokota dola 32 na senti. Sasa huyo ni Joshua Bell, mtu anajaza kumbi! Sembuse huyu wa Bombo.

Berlin_Baridi
Mtoto wa Jinja hio haithibitishi kitu, hata wewe ukipigiwa Stradivari Old Taxi Park saa moja asubuhi unawahi kazi utasimama?

@MivumbaBoy mimi sio mwanamuziki lakini huku Ujerumani naishi nyumba moja na mpiga vayolini kutoka Nairobi, kwahiyo nimeyaona. Vyuo vya muziki vya serikali huku vingi havichukui ada, lakini kuingia ni kwa kupiga mbele ya walimu, cheti cha gredi hakuna anayekiuliza. Na viza wanataka uonyeshe kwenye akaunti maalum karibu euro 12,000 za kula mwaka mmoja. Marekani kuna chuo cha muziki cha Curtis pale Philadelphia, akichukuliwa hakuna ada, ila wanachukua wachache mno.

Kazi zenyewe za okestra ndio balaa. Odisheni, yani usaili wa kupiga, unapiga nyuma ya pazia wasikuone, unaanza na koncheto ya Mozart, ukibaki unapewa vipande vya okestra kama mwanzo wa Don Juan ya Strauss. Huyu jamaa wa Nairobi alipanda treni masaa sita, akapiga kama dakika mbili hivi, sauti nyuma ya pazia ikasema "danke" (asante), basi, akarudi na treni ileile. Jioni alipika ugali hakuongea. Kesho yake saa mbili asubuhi nikasikia vayolini.

Mama_Kisaasi
Mwanangu usimuache aache S5. Bila principal pass mbili (kufaulu masomo makuu mawili) za A level, mtihani wa S6, chuo kikuu cha hapa haingii moja kwa moja, na Makerere muziki unasomwa kwa digrii kabisa. Miaka miwili sio mingi. Apige masaa matatu badala ya manne, dunia haitaanguka. Na huyo mama yenu amuombe mtoto msamaha jamani.

Fundi_Gundi
Mimi narekebisha magita na vayolini. Kabla hujatoa milioni 6 uliza huyo mwalimu na huyo mzungu wanajuana vipi, sisemi kitu, nauliza tu.

Halafu hio ya kichina iletwe kwa fundi kwanza. Ndani ya vayolini kuna kijiti kimesimama kati ya mbao ya juu na ya chini, hakina gundi, kinashikiliwa na mkazo tu, Wataliano wanakiita anima yani roho. Kikisogea kidogo tu sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Nyingi zinazoletwa kwangu ati zimekufa ni hicho kijiti, ama daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi) limepinda, ama nyuzi ni zilezile zilizotoka dukani. Na upinde nao, zile nywele ni za mkia wa farasi, zinachoka, zinabadilishwa.

MivumbaBoy_Bombo
Wakuu nimesoma yote, mengine nimemsomea mwenyewe. Ile ya treni masaa sita akanyamaza, nikadhani imemvunja moyo, kumbe ananiuliza huyo jamaa alipiga Mozart ya ngapi 🤦🏾 S5 amekubali kwa shingo upande, mama Kisaasi webale nyo (asante sana). Fundi, nyuzi kweli ni zilezile tangu tulipoinunua, miaka mitano sasa. Jumamosi naileta na milioni 6 inabaki kwanza. Nije nayo kwa boda ama inaharibika?

Fundi_Gundi
Boda sawa, ila sio kwenye jua kali wala mvua, boksi ulipakate wewe usimpe dereva aweke mbele kwenye tenki. Ile gundi yake ni ya ngozi ya wanyama, joto na unyevu vinaiachisha. Na mwambie aje mwenyewe, nikisogeza kile kijiti lazima mtu apige nisikie.