Naomba ushauri: mazoezi kwa wazee wa Kihispania wenye maradhi ya viungo

Habari wakuu. Programu ni Camine con Gusto, toleo la Kihispania la Walk With Ease ya Marekani: wiki 6, kutembea mara 3 kwa wiki. Wazee ni 12, wengi magoti yamelika, wawili wana baridi yabisi ya vidole. Madaktari wao wameridhia.

Kutembea kunaenda vizuri. Tunaanza na dakika 10, na maumivu yakizidi ya kawaida kwa zaidi ya saa 2 baada ya zoezi, safari inayofuata tunapunguza. Shida ni kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10. Ukiuliza "dolor", yaani maumivu, mzee anasema hana, na huku anashuka ngazi akitanguliza mguu uleule kila kidato, mkono umeng'ang'ania reli. Ukiuliza "molestia", yaani usumbufu, anataja 6. Hili linanitia hofu, maana namba ya uongo ndiyo inayotufanya tuongeze dakika. Mnauliza vipi nyie? Au mnaangalia mwendo tu?

Lingine ni mpira wa kuvuta, ule wa kukaza misuli. Kuushika kwa kukunja ngumi kunaumiza vidole, hivyo tunafunga kitanzi kipana kwenye kiganja, lakini kinateleza hadi kwenye kifundo cha mkono na kubana. Kitambaa laini chini yake kinatosha, au bora kitanzi kikae juu ya kiwiko?

Aliyefundisha wazee wa namna hii anisaidie, hasa kwa wale wawili wa vidole.