Analishwa kwa mpira na maziwa yanarudi kila mara, tufanyeje?

Shangazi_Tororo: Habari zenu wapendwa. Namlea mtoto wa dada yangu, ana mtindio wa ubongo, analishwa kwa mpira wa puani. Kila akishalishwa anacheua, analia na kujipinda mgongo, usiku ndo kikohozi. Dokta kampa omeprazoli ya kapsuli, sasa zile punje za ndani nizisage ndo zipite kwa mpira ama?

Nesi wa watoto: Usizisage dada! Zile punje zimepakwa kitu cha kuzikinga na asidi, ukisaga dawa inaharibikia tumboni, na zikienda nzima zinaziba mpira mwembamba. Rudi famasi uulize ya unga wa kukoroga ama ya maji, halafu usukume kwa maji kidogo. Alafu ujue omeprazoli inapunguza ukali wa asidi tu, maziwa kurudi haizuii. Kwa hiyo mkao ndo wa kwanza, kichwa na kifua viinuke kama nyuzi 30 mpaka 45, abaki hivyo hata nusu saa au saa nzima baada ya kula, na usimkunje tumbo maana linakamuliwa. Ile sindano kubwa ya kumlishia, isiyo na ncha, toa kisukumio, maziwa yashuke yenyewe polepole, kama dakika 20 au 30 hivi. Kidogo kidogo mara nyingi. Na kila mara hakikisha mpira uko tumboni kabla hujamwaga chochote, hilo nakuomba sana.

Baba Aisha, Jinja: Choo je? Wangu akifunga choo kucheua kunazidi kabisa, tulipotibu hiyo akapumua. Pia mpira wa puani wenyewe unaacha mlango wa juu wa tumbo, pale chakula kinapoingilia, haufungi vizuri, kama atalishwa hivi muda mrefu ongea na madaktari wa upasuaji wa watoto, hospitali ya Mulago Kampala wapo, kuhusu mpira wa tumboni, ule unaopitishwa kwenye ngozi ya tumbo moja kwa moja. Lakini huo nao si lazima umalize kucheua, wengine wanaongezewa upasuaji wa kukaza ule mlango.

Shangazi_Tororo: Asanteni sana jamani. Choo kweli kigumu. Na kikohozi cha usiku nisubiri kliniki?

Nesi wa watoto: Hapana, mpeleke kesho asubuhi, maziwa yanaweza kuwa yanaingia mapafuni. Akipata homa, akihema haraka, akitapika damu au kitu kama kahawa, au choo kiwe cheusi kama lami, usingoje kuche, nenda usiku huohuo.