Mdogo wangu kafungwa miaka 30 kwa kosa asilolifanya, naanzia wapi?

Bonde la Chumvi
Wakuu salaam. Mdogo wangu ni dereva wa boda. Wiki mbili zilizopita mahakama imemtia hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kapewa miaka 30. Shahidi mkubwa ni mama mwenye duka, alisema alimtambua saa tano usiku kwa mwanga wa tochi. Mama yule si mwongo, namfahamu, ni mtu wa sala. Naamini alimwona mtu, ila si dogo. Saa hizo dogo alikuwa kambeba jirani yetu mwenye uchungu kumpeleka zahanati, na jina la jirani limo kwenye daftari la mapokezi. Mtoto aliyezaliwa usiku ule sasa anatembea.

Dogo aliyasema haya kizimbani, ikaandikwa ni maneno matupu, hakuleta shahidi. Hakuwa na wakili. Alipoulizwa kama ana mashahidi, alidhani mahakama ndiyo itawaita. Naambiwa siku 10 za rufaa zimepita. Kuna mtu pale nje ya mahakama anataka laki nane "alimalize". Nisaidieni.

Wakili wa Shamba
Pole sana ndugu yangu. Huyo wa laki nane ni kishoka, usimpe hata mia. Wakili wa kweli utamkuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kama huna uwezo, kuna watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017.

Siku 10 ni za kutoa kusudio la kukata rufaa tu. Rufaa yenyewe ni siku 45, na muda wa kusubiri nakala za hukumu na mwenendo wa kesi hauhesabiwi. Mfungwa hutoa kusudio kupitia kwa mkuu wa gereza, na wengi husaini siku za mwanzo bila ndugu kujua. Nenda ukaulize. Kama hakusaini, Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda ikiona sababu ya msingi.

Sasa njoo kwenye tochi. Tafuta TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu kuliko wote, na mtu asitiwe hatiani kwa huo mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Alimtazama kwa muda gani? Umbali gani? Alikuwa anamjua kabla? Na tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Kama aliishika jambazi akammulika mama usoni, aliyeonekana vizuri ni mama.

Mama Tunu
Mimi nauliza: alimtaja lini? Kwenye kesi ya Marwa Wangiti Mwita, 2002, mahakama ilisema shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi, na akichelewa bila maelezo, hakimu ajiulize kwa nini. Na je, alionyeshwa dogo kituoni kabla ya gwaride la utambuzi? Akishamwona na pingu mkononi, sura hiyo ndiyo itakayobaki kichwani, na ataapa kwa moyo safi kabisa.

Bonde la Chumvi
Mama Tunu, umenishtua. Alimtaja siku ya tatu, baada ya mtaa kuanza kusema ni bodaboda. Usiku wenyewe aliwaambia majirani "kijana mrefu mwenye jaketi". Dogo ananifikia begani. Tochi walikuwa nayo majambazi.

Kijana wa Stendi
Mpeleke Mahakama ya Afrika pale Arusha! Babu Seya na Papii Kocha walishinda baadhi ya hoja kule.

Wakili wa Shamba
Mlango huo kwa Mtanzania mmoja mmoja umefungwa tangu Novemba 2020, serikali kujitoa kwenye tamko lililoruhusu watu binafsi kushtaki kule kulipoanza kutumika. Ila soma kesi ya Mohamed Abubakari, 2016: naye miaka 30, unyang'anyi wa kutumia silaha, na mahakama ile ilikosoa utetezi wake wa kutokuwepo eneo la tukio kutochunguzwa kwa uzito. Mwonyeshe wakili wako.

Na lile daftari, mwahi mganga mfawidhi kwa barua likahifadhiwe. Likijaa linaishia stoo na panya. Mahakama Kuu inaweza kupokea ushahidi wa nyongeza kwenye rufaa, ingawa si kwa urahisi. Itataka kujua kwa nini haukutolewa mwanzo, na hapo mweleze wakili habari ya dogo kudhani mahakama ingemwitia mashahidi.

Bonde la Chumvi
Nimetoka gerezani sasa hivi. Dogo alisaini kusudio siku ya pili, askari kanionyesha nakala ina mhuri. Nimekaa chini pale getini nikashindwa kuinuka. Jirani kakubali kutoa ushahidi, kadi ya mtoto ameitoa kwenye sanduku akanikabidhi. Kesho asubuhi naenda kwa karani kufuata mwenendo wa kesi, mchana zahanati.