Oili ya bodaboda: nihesabu siku, kilomita au nitazame rangi?

Dereva wa Msamvu

Habari zenu wakuu. Ninaendesha bodaboda hapa Morogoro kwa pikipiki ya cc 125, ambayo nilikabidhiwa kwa mkataba ikiwa mpya miezi minne iliyopita. Tajiri wangu anataka nimwage oili kila Jumapili, hata ile wiki niliyolala na malaria. Fundi wa kijiweni ananiambia nisubiri mpaka iwe nyeusi. Na kitabu kilichokuja na pikipiki kinataja kilomita, ilhali waya wa mita ulikatika mwezi uliopita. Oili nanunua mwenyewe baada ya kutoa hesabu, kwa hiyo naomba kujua nifuate lipi.

Fundi Gereji

Ndugu, rangi iache kabisa. Oili nzuri huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi ya injini, na hiyo ni sehemu ya kazi yake. Kinachoisha ni uzito wake, ambao huwezi kuupima kwa macho. Rangi ya kukushtua ni ile ya chai ya maziwa, kwa maana hapo maji yameingia, nayo imwagwe siku hiyo hiyo.

Kumbuka pia kwamba katika pikipiki kama yako oili ile ile moja, ambayo ni kama lita moja tu, ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi, na meno ya gia huisaga bila huruma. Injini mpya humwagwa oili ya kwanza ikiwa karibu na kilomita 500, kwa kuwa vyuma vinapozoeana hutoa chenga. Baada ya hapo fuata kitabu, lakini punguza: kikisema 3,000, mimi kwa bodaboda humwaga kwenye 2,000, kwa sababu vumbi, mishikaki (kupakia abiria zaidi ya mmoja) na kusubiri abiria injini ikiunguruma huichosha oili bila mita kusogea hata kidogo.

Mwenye Pikipiki Mbili

Naungana na fundi, ila nimtetee kidogo tajiri mwenzangu. Anapanga Jumapili kwa sababu siku anaweza kuihesabu akiwa nyumbani, na kilomita hawezi. Mtengenezee hesabu anayoweza kuiamini. Mita ya pikipiki yangu moja ilipokufa, nilimwambia dereva aandike kwenye daftari kila lita ya petroli anayoweka. Pikipiki ile ilikuwa ikienda kama kilomita 45 kwa lita, hivyo lita 40 zilipotimia tulijua imekaribia kilomita 1,800, tukamwaga. Waya wenyewe ununue hata hivyo, kwani bei yake haimfilisi mtu.

Jambo jingine ni aina ya oili. Niliwahi kuweka ya gari iliyobaki kwenye dumu, na baada ya siku chache klachi ikaanza kuteleza mlimani: injini inalia, pikipiki haiendi. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, ambayo ni alama ya oili inayofaa klachi inayofanya kazi ndani ya oili, na uzito wake uwe ule uliotajwa kitabuni.

Fundi Gereji

Hilo la daftari ni zuri. Niongeze kwamba kati ya kumwaga na kumwaga lazima upime kila baada ya siku chache: simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa, futa kijiti cha kupimia oili, kitumbukize bila kukikaza, kisha usome.

Dereva wa Msamvu

Ahsanteni. Nimepima asubuhi hii kabla ya kutoka, na ingawa oili ni ya Jumapili iliyopita na bado ina rangi ya asali, imegusa ncha ya kijiti tu, chini ya alama ya mwisho. Nilipoinama nikakuta nati ya kumwagia imelowa na vumbi limegandia pembeni yake. Washa yake, ile pete ya kuzuia oili isivuje, imechakaa kwa kufunguliwa kila wiki. Nanunua washa na waya wa mita leo, na daftari ninalo.