Naomba ushauri: kukusanya historia ya magenge ya Jinja

Wakubwa shikamoo, wengine salamu. Tunaandaa historia ya magenge ya vijana wa Jinja, Uganda, hasa mitaa ya Walukuba na Masese walikoishi wafanyakazi wa viwandani, tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954 hadi viwanda vilipodorora baada ya Waasia kufukuzwa 1972.

Gazeti la zamani la Uganda Argus linafaa, ila liliandika kesi na uporaji wa kutumia silaha. Vijana wa kona hawaonekani mpaka wakamatwe. Lililolirithi, Voice of Uganda, lilikuwa la serikali ya Amin, kwa hiyo ukimya wake msiuchukue kuwa ni amani.

Wazee hatuwaulizi mwaka. Tunauliza: Uhuru ulikuwa umeshapatikana? Wahindi walikuwa bado wapo? Vita vya kumng'oa Amin (1979) vilikuwa vimeshapita? Hapo tarehe inakaa vizuri. Kinachotusumbua ni jibu la haraka kwamba kiwanda kilifungwa, genge likazaliwa. Kiwanda hakifi siku moja: vipuri hukosekana, zamu hupunguzwa, mshahara haununui tena sukari. Tunataka kujua vijana walianza kukaa kona katika hatua ipi.

Naombeni msaada kwa mawili. Mzee akimtaja muuaji ambaye bado yu hai, tuzime kinasa sauti au turekodi kisha tufute jina? Na mkubwa wa genge wa zamani, tumhoji peke yake au na wenzake? Wakiwa pamoja wanakumbushana majina ya mitaa vizuri sana, lakini habari za damu wanazificha.