Kikundi cha familia: Imani, karanga na pumu

Mama Imani: Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Tumetoka kliniki. Kumbe kifua cha Imani si mafua ya kujirudia, ni pumu. Na mzio wa karanga bado upo. Jumamosi tunakuja kwa Bibi, nimeona niwaambie mapema.

Bibi: Marahaba mwanangu. Pole sana mjukuu wangu. Ila karanga na kifua wapi na wapi? Mimi najua pumu ni baridi na vumbi.

Shangazi Neema: Mama, vina undugu. Unakumbuka alivyokuwa mchanga, ile pumu ya ngozi mashavuni na kwenye mikunjo ya mikono? Mara nyingi ngozi hutangulia, ukafuata mzio wa chakula, halafu pumu. Si watoto wote, lakini mwenye mzio wa chakula yuko karibu zaidi kupata pumu kuliko wenzake.

Baba mdogo Salim: Kwa hiyo akikaa mbali na karanga pumu itaisha?

Shangazi Neema: Hapana. Pumu yake huamshwa na mafua, vumbi, moshi, mbio. Ni nadra chakula kubana kifua peke yake bila vipele, midomo kuvimba au kutapika. Kwa hiyo jamani tusianze kumnyima maziwa na mayai kwa kubahatisha. Mtoto anakua huyu.

Mama Imani: Daktari naye kasema hivyo. Hivyo vyote anakula na havimsumbui.

Shangazi Neema: Kinachoninyima usingizi ni hivi viwili kukutana. Mwenye pumu njia zake za hewa zimeshavimba kwa ndani. Akila karanga kwa bahati mbaya, zinaziba upesi. Watoto wengi waliopoteza maisha kwa mzio wa chakula walikuwa na pumu pia, hasa isiyodhibitiwa. Wifi, ile inhela ya kuzuia, dawa anayovuta kwa mdomo, asiikose hata siku anayoonekana mzima kabisa. Nakuomba sana.

Mama Imani: Haikosi wifi. Asubuhi na jioni, kisha anasukutua.

Halima: Shangazi, mimi ndiye nitakayekuwa na watoto nje. Akianza kukohoa nimpe inhela?

Shangazi Neema: Umeuliza la maana mwanangu. Akikohoa baada ya kukimbia na hajala kitu, mpe inhela yake ya kutuliza. Lakini kama amekula, na ndani ya dakika chache mpaka saa 2 anakohoa, sauti inakauka, kifua kinalia, hesabu ni mzio. Usisubiri vipele, wengine hawatoki. Sindano ya adrenalini, ile yake ya dharura ya mzio, KWANZA, paja upande wa nje, hata juu ya nguo. Inhela baadaye. Inhela hufungua kifua tu, haizuii koo kuvimba wala presha kushuka.

Baba mdogo Salim: Na vidonge vya aleji?

Shangazi Neema: Vinapunguza kuwashwa. Havitamwokoa kwenye kukosa pumzi. Akishachomwa akae, miguu ameinyoosha, asitembee. Dakika 5 zikipita bila nafuu, sindano ya pili. Na hospitali lazima, hata akianza kucheka, kwa sababu hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Bibi: Nikizikaanga zikaiva sana je?

Shangazi Neema: Haisaidii Mama. Mzio haupungui kwa kukaanga.

Bibi: Basi Jumamosi haziingii jikoni kwangu. Na mwiko na sufuria nitavisugua mwenyewe siku moja kabla.

Mama Imani: Asante sana Mama 🙏🏾 Kilichonisumbua zaidi ni hapo, mwiko mmoja kuzunguka vyungu vyote.

Baba mdogo Salim: Shemeji, hiyo sindano sijawahi hata kuishika.

Mama Imani: Ninayo ya mazoezi, haina dawa wala ncha. Nitakuja nayo, kila mtu aijaribu kabla ya chakula. Halima uwe wa kwanza.

Halima: Sawa mama mkubwa. Sindano zenyewe nitakaa nazo mimi, siziachi ndani kwenye mkoba.