Mzinga wa kujitengenezea Dodoma: Langstroth, Warré au TBH?

Kibao_Ihumwa: Wakuu, habari za jioni. Nina msumeno, randa na drili, na shemeji kanipa kipande cha pori huko Bahi, migunga na mibuyu imejaa. Nimepakua ramani tatu za bure: Langstroth (masanduku yenye fremu ndani), Warré (masanduku madogo ya kupandanisha) na TBH (top bar hive, sanduku lenye pau za mbao juu ambako nyuki huning'iniza masega). Nataka mizinga minne kabla ya mvua. Nianze na upi?

Fundi_Kizota: Kama TBH yako ni ile ya plaiwudi inayokatwa na mashine ya kompyuta, achana nayo. Kwenye picha inapendeza, vipande vinashikana vyenyewe bila msumari. Ukiikata kwa msumeno wa mkono itabaki na mianya, na sisimizi hawabishi hodi.

Mama_Asali: Warré futa kabisa. Masanduku ya sm 30 kwa 30, na jipya linaongezwa chini. Maana yake unanyanyua ghorofa nzima usiku, na nyuki wetu mnawajua hasira zao!

Mimi ni wa TBH, ila angalia upana wa pau. Kwa nyuki wetu ni mm 32. Ramani nyingi za nje zimepimwa kwa nyuki wa Ulaya, ambao ni wakubwa zaidi, hivyo pau zao ni pana. Mwaka wangu wa kwanza nilikata mm 38. Nyuki wakajenga masega kukatiza pau. Siku ya kurina navuta pau moja, zinakuja tatu, asali yote miguuni. Pia pakaa mstari wa nta katikati ya kila pau, wapate pa kuanzia.

Mzee_wa_Manyoni: Langstroth msiidharau, mwanangu. Unakamua asali kwa mashine, sega linarudi zima, nyuki hawaanzi kujenga upya. Shida ni useremala. Tangu Langstroth mwenyewe, Mmarekani aliyeubuni, apate hataza yake 1852, siri ni ile nafasi ya mm 6 hadi 9 kuzunguka fremu. Ikizidi, wanajaza sega. Ikipungua, wanaziba kwa ulimbo na fremu utaitoa kwa mtaimbo. Na hiyo mashine ya kukamulia, kwa mizinga minne? Subiri kwanza.

Fundi_Kizota: Shikamoo mzee. Basi TBH, lakini ipi? Ya Kenya pande zake zimelala kama hori la ng'ombe, kila kona ina pembe yake.

Mzee_wa_Manyoni: Marahaba. Ya kwetu Tanzania pande zimesimama wima, sanduku tu. Hata mwanafunzi wa ufundi anaipiga siku moja. Itundike kwa waya, paka grisi kwenye waya kwa ajili ya sisimizi. Ukiiweka chini, umemwandalia nyegere.

Kibao_Ihumwa: Nashukuru sana wakuu. Nimetoka kupima pau nilizokwisha kukata jana. Zote 35.

Mama_Asali: Milimita tatu hizo, randa inatosha. Ungekata 30 ndiyo ungelia.